Kukauka si kukomaa: faiba katika baridi ya Ufipa

Mwezi wa Julai, fundi bodi wa Sumbawanga akigusa kiraka cha faiba alichokiweka jana jioni na kidole kikanata, atasema neno moja tu: "Haijakauka." Kisha atalitii neno lake. Atalisukuma gari nje ya kibanda, atalielekeza ili kiraka kikabili upepo, na ataendelea na kazi nyingine. Upepo wa kiangazi haukosekani Ufipa, uwanda wa nyasi ulioinuka kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari na wenye miti michache ya kuukinga. Jioni atagusa tena, na kidole kitanata tena. Hapo lawama zitamwangukia muuza duka, kwamba kauza rezini iliyopitwa na wakati.

Huenda rezini ni nzima kabisa. Kilichomponza fundi ni kitenzi.

Maelezo ya Kiingereza kwenye kopo hutumia neno "cure", na neno hilo lenyewe limebeba mizigo mingi. Daktari hulitumia kwa kuponya, mkulima wa tumbaku kwa kukausha majani ndani ya bani, mwenye bucha kwa kuhifadhi nyama kwa chumvi, na mwashi kwa kulitunza zege lililomwagwa. Gereji zetu zimelipokea kwa maana ya bani. Ingefaa tulipokee kwa maana ya mwashi, kwa sababu mwashi hulimwagilia zege maji asubuhi na jioni, hulifunika magunia mabichi, na hukasirika likikauka mapema. Akiulizwa anangoja nini, atajibu kwamba anangoja zege likomae.

Kabla ya kulitetea neno hilo, tuone faiba ni kitu gani hasa. Sumbawanga leo ukisema faiba, mmoja atafikiria intaneti ya mkongo, mwingine bampa ya basi, na wavuvi wa Kasanga na Kipili watafikiria boti za kisasa ambazo Serikali imekuwa ikiwakopesha. Simtanki nalo wengi hulihesabu humo, kimakosa: lile ni plastiki inayoyeyuka kwa moto, na rezini hailiungi. Faiba ya bampa na ya boti ni ndoa ya vitu viwili. Kimoja ni nyuzi nyembamba za kioo, zilizokatwa na kutandazwa kama mkeka au kufumwa kama kitambaa. Cha pili ni rezini, kimiminika kizito kinacholowanisha nyuzi hizo kisha kikawa kigumu. Jina limembeba wa kwanza na kumsahau wa pili, ingawa matatizo mengi ya gereji yanatoka kwa huyo wa pili.

Gari linaloonyesha vizuri zaidi kazi ya vitu hivyo viwili ni bagi, kile kigari cha wazi, chepesi, chenye magurudumu mapana, kilichobuniwa kwa ajili ya kupanda vilima vya mchanga. (Naliandika bagi, msomaji na mpiga chapa wanaombwa wasiongeze herufi n.) Lililopata sifa kuliko yote ni Meyers Manx la California. Bruce Meyers alikuwa fundi wa mashua za faiba, na mwaka 1964 alichukua ujuzi wa kiwandani na kuumwaga kwenye kalibu la gari: bodi yenye mikunjo laini kama ya mashua, isiyo na milango wala paa. Muda si mrefu bodi hizo zikawa zinakaa juu ya sakafu ya Volkswagen Beetle iliyokatwa na kufupishwa kwa sentimita kama 36. Beetle ni gari ambalo wazee wa Afrika Mashariki wanalikumbuka kwa mbio za Safari, ambazo lilishinda mwaka 1962 likiwa na injini ileile ya nyuma inayopozwa kwa hewa. Mwaka 1967 Manx likashinda mbio za Mexican 1000 kwenye rasi ya Baja. Watu wakaliiga kwa maelfu, kwani aliye na kalibu, mkeka wa kioo na pipa la rezini hahitaji mashine za kukandamiza mabati. Meyers alikwenda mahakamani kutetea ubunifu wake na akashindwa. Alifariki Februari 2021.

Kwa hiyo anayefufua bagi anafanya kazi ya mashua juu ya nchi kavu, na fundi wa boti wa Kasanga angelielewa kuliko fundi wa mabati. Bodi haina kutu. Badala yake ina nyufa nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui kwenye tabaka la rangi la juu, matundu ya boliti yaliyopanuka, na sehemu ambazo matabaka yameachana ndani kwa ndani. Ukizigonga kwa kifundo cha kidole zinatoa sauti butu. Kutu imejificha chini, kwenye sakafu ile ya Beetle. Na kuna jambo linalowasumbua mafundi wa umeme: faiba haipitishi umeme, hivyo kila taa inadai waya wake wa kurudi kwenye chuma.

Turudi kwenye kitenzi. Rezini ya kawaida ya gereji ni poliesta iliyoyeyushwa ndani ya stairini, ile yenye harufu kali inayoumiza kichwa. Ukitia hadina, ambayo kwa poliesta ni peroksaidi, minyororo ya poliesta na stairini huanza kufungamana. Stairini haitakiwi kutoka. Inatakiwa ibaki ndani, iingie kwenye fungamano na kuwa sehemu ya bodi. Rangi ya kawaida hukauka kwa kupoteza kiyeyushi chake hewani. Rezini hukomaa kwa kukibakiza. Ndiyo maana upepo wa Ufipa ni adui wa kiraka kibichi. Unapeperusha stairini kutoka usoni kabla haijafungamana, na papo hapo unakipoza kiraka, kumbe kazi yote inategemea joto. Fundi aliyekianika upeponi amefanya makosa mawili kwa tendo moja, na neno kukauka lilimwambia yuko sahihi.

Je, tuseme kuganda? Neno hilo lina haki yake, na nitalipa nafasi, lakini si ya mwisho. Asubuhi ya Julai mawese huganda kwenye chupa huku juu. Ukiisogeza jikoni yanarudi kuwa mafuta. Rezini iliyokomaa hairudi, hata uichome itaungua bila kuyeyuka. Isitoshe, kwa msemaji wa Kiswahili kuganda kunaita baridi: barafu huganda, samli huganda. Anayeambiwa rezini "inaganda" hatashtuka kuona kipimajoto kinashuka. Hata hivyo kuna hatua moja inayolistahili neno hili. Dakika kama 15 hadi 30 baada ya kutia hadina, kutegemea joto na kipimo, rezini huacha kutiririka na kuwa kama maziwa mgando. Hapo imeganda. Kingo zake zinaweza kukatwa kwa kisu, lakini nguvu bado haina. Kuganda ni mwanzo wa kukomaa, na mtu akivichanganya viwili hivi ataanza kupiga msasa mapema, aone karatasi inaziba utandu badala ya kutoa vumbi.

Kuna waliopendekeza kuiva, mjini na shambani. Nalipenda neno hilo, ila ndizi inalikataa. Mkungu uliokomaa ni mgumu. Ndizi ikiiva inalainika. Bodi ya gari tunaitaka ngumu. Kukomaa basi, na kutoka hapo tunapata kukomaza kwa kazi ya fundi, na ukomavu kwa kiwango kilichofikiwa. Kinyume chake tunacho tayari, bila kamati yoyote kukaa: ni kibichi, kama tunavyosema zege bichi na tofali bichi.

Faida ya istilahi hii inaonekana zaidi mtu anaposhuka. Kutoka Sumbawanga kwenda Muze, barabara inateremka ukuta wa Bonde la Ufa hadi kwenye tambarare za Ziwa Rukwa, lililo kama mita 800 kutoka usawa wa bahari. Ni tofauti ya mita 1,000 hivi, na kwa kawaida hewa hupoa kwa nyuzijoto kama 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Tambarare hizo, zenye mchanga na matope makavu pale maji yanaporudi nyuma, ndizo ambazo mwenye bagi angezitamani. Lakini mchanganyiko uleule unaoganda Muze mchana kabla hujamaliza kuupaka, unaweza kulala mbichi usiku kucha Sumbawanga. Kasi ya ukomazaji huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzijoto 10 zinazoongezeka. Chini ya nyuzijoto 15 poliesta nyingi husuasua, na nyingine hazifiki ukomavu wake kamwe, hata zikipashwa baadaye. Huku juu usiku wa kiangazi hushuka chini ya hapo bila taabu.

Anayesema haijakauka huongeza upepo. Anayesema haijakomaa huuliza joto lilikuwa nyuzi ngapi na hadina ilikuwa kiasi gani. Atafanya kazi kuanzia saa nne asubuhi ili kiraka kipate jua la saa sita. Jua linasaidia kweli, lakini kwa joto lake. Atalikalisha kopo la rezini, lililofungwa na kabla ya kutia hadina, ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, mbali na jiko la mkaa, kwa sababu mvuke wa stairini hushika moto. Atapima hadina kwa mizani au bomba la sindano badala ya kizibo: gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja ya rezini, karibu na 20 kukiwa na baridi. Akizidisha sana hapati ugumu zaidi; anapata kiraka dhaifu, au kopo linalofuka moshi mkononi. Tone la peroksaidi likiingia jichoni linaweza kupofusha, kwa hiyo miwani kwanza, maji mengi karibu. Na kwa tabaka la mwisho atatandika nailoni juu, kwa sababu oksijeni ya hewani huzuia uso wa poliesta usikomae. Uso unaweza kunata huku chini yake kiraka ni imara, jambo ambalo kidole peke yake hakiwezi kulitambua.

Neno hadina nalo lina mtego, na hapa ningependa watunga istilahi waingilie. Duka hilohilo huuza epoksi, na chupa yake ya pili pia huitwa hadina. Hadina ya epoksi ni nusu ya ndoa: huingia kwenye fungamano kwa kipimo kilichowekwa na kiwanda, na kuiongeza kwa sababu ya baridi huacha ziada isiyo na mwenzi, kiraka kikabaki laini maisha yake yote. Hadina ya poliesta ni kiwashio tu, na ina nafasi ya kupanda na kushuka kidogo. Fundi aliyejifunza kwa poliesta akihamia epoksi na mazoea yake ataharibu kazi kwa nia njema. Ningeibakizia epoksi jina la hadina, na peroksaidi ya poliesta niiite kianzishi, kwa kuwa ndiyo kazi yake.

Kwenye lebo ya kopo linaloletwa Nyanda za Juu, mistari mitatu ya Kiswahili ingetosha: Pima kianzishi kwa uzito. Komaza kwenye joto lisilopungua nyuzijoto 18. Usianike penye upepo.