Tarehe ya Damu Bandia

Damu ya kwanza kumwagika katika filamu za Ramon Film Productions ilikuwa damu halisi ya ng'ombe, kutoka machinjioni. Mwigizaji akaugua, ikabidi iachwe. Mahali pake pakachukuliwa na rangi ya chakula iliyokorogwa na maji, ikatiwa ndani ya kondomu zile zinazogawiwa bure katika zahanati, kisha ikafichwa chini ya shati na kuunganishwa na mshipi wa kuvulia samaki. Ukifika wakati wa risasi, mshipi unavutwa, mpira unapasuka, shati linalowa, mtu anaanguka. Gharama yake karibu si kitu, na ukitazama filamu zenyewe utakubali kwamba damu si kitu walichokibania.

Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 2005 katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, na mtu aliyekuwa akifyatua matofali: Isaac Godfrey Geoffrey Nabwana. Jina la Ramon alilipata kwa kuunganisha majina ya nyanya zake wawili, Rachael na Monica. Utotoni hakuingia jumba la sinema. Kaka zake ndio waliokwenda, wakirudi wanamsimulia jinsi Chuck Norris alivyopiga na jinsi Bud Spencer alivyoangusha watu. Akajifunza sinema kwa masikio kabla ya macho. Alipokuja kununua kamera na kujiunganishia kompyuta kwa vipuri, alijifundisha mwenyewe kuhariri picha. Mkewe, Harriet, akawa mtayarishaji na mpambaji wa waigizaji. Fundi chuma wa kundi hilo, Dauda Bisaso, akawa kiwanda kizima cha silaha: bunduki za vyuma chakavu, na baadaye kiunzi cha helikopta kilichosimamishwa uani.

Mwaka huohuo wa 2005 unafaa kukumbukwa na yeyote anayeandika tarehe ya sinema ya Afrika Mashariki. Nairobi, serikali iliunda Tume ya Filamu ya Kenya. Dar es Salaam, Mussa Banzi alitoa Shumileta, filamu ya mwanamke wa kijini anayempenda binadamu, akiwa tayari amekwisha kuwatisha Watanzania kwa Nsyuka. Nchi moja ilipata ofisi, nyingine ikapata jini, ya tatu ikapata kampuni ya uani. Ya uani ndiyo iliyokuja kufika mbali kuliko zote, na sababu yake inawahusu sana watu wa Meru na Embu, chini ya Mlima Kenya, ingawa Wakaliga ni safari ya siku nzima kwa basi na zaidi.

Meru na Embu waliipokea biashara ya filamu kupitia River Road, Nairobi. Kanda za VHS, kisha sidii, kisha dividii, zilipakiwa kwenye matatu Nairobi na kupandishwa Embu, Runyenjes, Chuka, Nkubu, Meru mjini na Maua. Mahali pa kuzitazama palikuwa kibanda cha video: mabati, mabenchi marefu, pazia zito la kuzuia mwanga mlangoni, spika nje ikiunguruma ili wapita njia wajue kuna vita ndani, na ubao wenye majina ya filamu za siku yaliyoandikwa kwa chaki. Kiingilio kilikuwa shilingi kumi au ishirini. Kule Igembe, aliyemaliza kufunga miraa mapema alikuwa na saa za kupoteza na kitu cha kutafuna akipoteza.

Umeme ulikuwa na kisa chake. Mabwawa ya Seven Forks kwenye Mto Tana, kuanzia Kindaruma lililokamilika mwaka 1968 hadi Kiambere la 1988, yamekaa mpakani au ndani ya eneo la Mbeere, na nyaya nene zilipita juu ya vijiji ambavyo kwa miaka mingi vilibaki na koroboi. Kwa hiyo mwenye kibanda kijijini alihitaji jenereta kabla hajahitaji filamu. Mitambo ya kuogofya watu ilikuwa na bei, na bei hiyo ilikuwa petroli.

Kilichoogofya zaidi kilitoka Nigeria. Living in Bondage ya mwaka 1992, ambamo mume anamtoa mkewe kafara ili atajirike, ilifungua mlango, na baada yake zikaja filamu za vyama vya siri, mizimu ya wake waliouawa na wachungaji wanaokemea hadi dakika ya mwisho. Kenya haikuhitaji kufundishwa woga huo. Mwezi Oktoba 1994, Rais Moi aliteua tume ya kuchunguza ibada za shetani, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na ripoti yake haikufikishwa bungeni hadi mwaka 1999. Kwa miaka mitano hivi, serikali yenyewe iliweka hadharani mwanzo wa hadithi ya kutisha bila kutoa mwisho. Hakuna mwandishi wa filamu ambaye angepanga mambo vizuri zaidi kwa manufaa ya wauza kanda.

Halafu kuna sauti. Sinema ya kigeni katika kibanda haikuwa kamili bila mtu wa kuieleza. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, aliyetia Kiswahili chake juu ya filamu za Hollywood na kuziuza hivyo. Kampala wana ma-VJ, wanaotafsiri, kutania na kushangilia kwa Kiluganda. Kenya ilimpata DJ Afro, ambaye kwake kila shujaa wa filamu ya Kichina ana lafudhi ya mtaa na kila adui ana jina la kuchekesha. Wasomi wengi huwacheka watu hawa. Ni kosa. Msimulizi ndiye aliyefanya filamu ya watu wengine iwe mali ya kibanda, na ndiye aliyewafundisha vijana kwamba picha mbovu inaweza kusimama ikiwa na mdomo mzuri.

Ramon walilijua hilo tangu mwanzo. Who Killed Captain Alex?, iliyotoka mwaka 2010 na ambayo wenyewe husema iligharimu chini ya dola 200, ina VJ Emmie akizungumza juu ya picha mwanzo hadi mwisho. Anasifu, anatania, anamkumbusha mtazamaji kwamba hii ni sinema ya Uganda. Helikopta zimechorwa kwa kompyuta na zinaonekana kuwa zimechorwa kwa kompyuta. Hakuna anayejali.

Soko lao la kwanza lilikuwa mlango wa jirani. Filamu ikikamilika, waigizaji hawakungoja duka: walichukua dividii na kwenda nyumba kwa nyumba, wengine wakiwa wamevaa mavazi ya filamu, na kila aliyeuza alibaki na nusu ya mapato. Walikuwa na takriban wiki moja ya kuuza kabla wezi wa hakimiliki hawajajaza mitaa kwa nakala zao. Wiki moja! Kampuni nzima iliendeshwa ndani ya dirisha hilo, na ndiyo maana filamu zilitoka kwa wingi: ikiibwa ya leo, ya mwezi ujao iko njiani.

Kionjo cha Captain Alex kilipowekwa YouTube mwaka 2010, kilipaa duniani. Mmoja wa waliokiona ni Alan Hofmanis wa New York, aliyetua Wakaliga mwishoni mwa 2011, akarudi kwao, akauza alichokuwa nacho na kuhamia huko. Mwaka 2015 kampuni iliomba dola 160 kwa umma kupitia Kickstarter. Ikapata zaidi ya 13,000. Bad Black, ambamo Hofmanis anaigiza daktari mzungu aliyeibiwa, ilishinda tuzo ya watazamaji katika tamasha la Fantastic Fest huko Austin, Marekani, mwaka 2016. Crazy World ikaonyeshwa usiku wa manane katika tamasha la Toronto mwaka 2019: ni filamu ya watoto wanaotekwa ili watolewe kafara, hofu ambayo wazazi wa Uganda wanaijua bila sinema, na ambayo hapa inaishia watoto haohao kuwachapa watekaji kwa kung fu. Mwaka 2022 Wakaliga walialikwa Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya documenta, na wakapeleka Football Kommando.

Hapo katikati kuna hasara ambayo inastahili kuelezwa polepole. Nakala asili ya Captain Alex haipo. Nabwana alikuwa na kompyuta isiyo na nafasi, na ili atengeneze filamu iliyofuata ilimbidi afute iliyotangulia. Kilichobaki ni ile dividii yenye sauti ya VJ Emmie. Filamu iliyotazamwa na mamilioni duniani haina toleo safi, na haitakuwa nalo.

Marekani nako walipata msiba wa aina hiyo, ila wao ulitokana na karatasi. Mwaka 1967, George Romero na wenzake wa Pittsburgh waliunda kampuni ndogo iliyoitwa Image Ten, wakachanga, wakapiga Night of the Living Dead kwa takriban dola 114,000. Kwa kuwa filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe, damu yao ilikuwa sharubati ya chokoleti. Msambazaji alibadilisha jina la filamu, na tangazo la hakimiliki likaachwa nje ya jina jipya. Kwa sheria ya wakati huo, filamu ikawa ya kila mtu. Ilizaa aina nzima ya sinema, nao wakabaki wakitazama wengine wakiichapisha. Miaka 40 hivi baadaye, Paranormal Activity, iliyopigwa ndani ya nyumba moja kwa dola 15,000 hivi, iliingiza zaidi ya milioni 190. Tofauti kati ya hizo mbili haikuwa kiasi cha woga. Ilikuwa nani aliyeshika mkataba.

Kenya ilijaribu. Mwaka 2008, Jitu Films ya Nairobi ilitoa Otto: The Blood Bath, filamu ya kutisha kwa jina na kwa nia. Na Meru wenyewe waliona kamera: Veve, iliyoongozwa na Simon Mukali kutoka hati ya Natasha Likimani, ilitoka mwaka 2014 ikiwa na kisa cha mbunge mla rushwa, wafanyabiashara wa miraa na mtu anayetaka kulipiza kisasi, na Maua ndiyo uwanja wake. Si filamu ya mizimu, ingawa mwezi Juni mwaka huohuo Uingereza ilipopiga marufuku miraa, kuna wakulima wa Igembe waliolala macho kuliko mtazamaji wa filamu yoyote ya majini. Nguvu nyuma ya Veve ilitoka mbali: One Fine Day Films, ya Mjerumani Tom Tykwer na mkewe Marie Steinmann, pamoja na Ginger Ink ya Nairobi. Wageni walifika, wakapiga kazi nzuri, wakaondoka. Mji ulibaki na sifa, si na kampuni.

Visa havijawahi kukosekana. Wazee wa Meru husimulia kisiwa cha Mbwaa, ambako watu wao walitawaliwa na Nguo Ntune, Mavazi Mekundu, waliowapa majaribu yasiyowezekana: leteni kiatu chenye manyoya pande zote mbili, leteni mkuki unaofika mbinguni, la sivyo mwangamie. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman alikusanya simulizi kama hizi, pamoja na zile za waganga na walozi wa mlimani, akazitoa katika kitabu mwaka 1993. Embu nako, karibu na Runyenjes, kuna kichaka kitakatifu cha Mwenendega, anayetajwa kuwa babu wa Waembu. Mwenye kamera ya simu na marafiki sita anaweza kuipiga hadithi ya Mavazi Mekundu kwa shuka nyekundu na ufuo wa Tana, na bado ikakosesha watoto usingizi.

Kikwazo kiko kwingine. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, inataka leseni kabla kamera haijawashwa, na mtengenezaji mdogo anajua kwamba kutembea ofisi hadi ofisi humla siku kuliko upigaji wenyewe. Baada ya leseni kuna uuzaji, na hapo ndipo Wakaliga waliposhinda: mwigizaji aliyegongea mlango wa mnunuzi kwa mkono wake. Dividii sasa imekufa. Lakini tangu Kenya ilipohama kutoka analogi kwenda dijitali mwaka 2015, vituo vya lugha za mlimani kama Weru TV vimepata nafasi hewani na vina saa za kujaza, simu inalipa kwa M-Pesa, na DJ anayejua Kimeru au Kiembu anaweza kutia sauti juu ya filamu ya mwenzake kabla haijapakiwa YouTube. Soko la nyumba kwa nyumba lipo; limehamia kwenye simu tu. Anayesubiri ufadhili kutoka Nairobi au Berlin anasubiri kitu ambacho Nabwana hakukingoja.

Na kuna kazi moja isiyohitaji leseni. Kama una kanda, dividii au kadi ya kamera yenye filamu iliyopigwa Maua, Chuka, Runyenjes au Embu, hata kama sauti imekatika na hata kama wewe ndiye uliyeigiza zombi ukicheka, usiifute ili upate nafasi. Inakili kwenye diski mbili, uzihifadhi katika nyumba mbili, na uandike juu yake majina ya walioigiza na mwaka.