Harufu ya Nam: Mafuta, Marashi na Manukato ya Kijani Migori na Homa Bay

Kwa Kidholuo ziwa huitwa nam, na bahari nayo huitwa nam. Neno hilo moja hubeba maji yote makubwa, ya chumvi na yasiyo na chumvi, na ndilo la kuanza nalo katika historia ya kunukia Migori na Homa Bay. Chupa ya manukato ya kijani inayosifiwa kwa harufu ya bahari ikifika Sori, Muhuru Bay au Mbita, pua inayoipokea haikulelewa na Bahari Hindi. Imelelewa na Nam Lolwe, yaani Ziwa Viktoria, lililo takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilikuwa imesafiri kilomita 940 hivi kutoka Mombasa. Kwa hiyo manukato ya bahari hupimwa hapa kwa kipimo cha ziwa, na kipimo hicho kina umri mkubwa kuliko chupa yoyote.

Kipimo chenyewe kiko wazi asubuhi kwenye dho wath, mahali mitumbwi inapopandishwa. Mafunjo, ambayo Waluo huyaita togo, hutoa harufu ya bua bichi lililokatwa sasa hivi, na chini yake kuna tope jeusi lisilopata hewa. Mawe ya ukingoni yamevaa utelezi wa kijani; ukikwaruzwa kwa ukucha huacha kidoleni harufu ya udongo uliolowa, ya jani, na kwa mbali ya chuma. Pembeni omena, dagaa wa ziwani, imetandazwa juu ya nyavu kukauka. Kiswahili hutenga kunuka na kunukia, na hapa tofauti hiyo hutumika kila siku. Kwa mgeni aliyeshuka basi, omena yote inanuka. Kwa mama anayeigeuza kwa kiganja ili jua lishike upande wa pili, omena iliyokauka sawasawa inanukia, na iliyonyeshewa ndiyo inayonuka. Hiyo ni pua ya kazi, na biashara ya mwanamke huyo huitegemea.

Wanakemia wameeleza kwa nini ziwa halinuki kama bahari. Sehemu kubwa ya harufu ya pwani hutokana na dimethili salfaidi, gesi inayotolewa kwa wingi pale ambapo mwani na vijimea vya maji ya chumvi hufa na kuvunjika. Maji baridi hayana utajiri huo. Ukijani wa ziwa una mama mwingine: bakteria wa kijani-buluu wanaostawi katika Ghuba ya Winam mpaka maji yakafanana na rangi iliyokorogwa. Baadhi yao hutengeneza geosmini, kemikali ile ile inayopanda kutoka ardhini mvua ya kwanza inapogusa vumbi. Ilitambuliwa na kupewa jina mwaka 1965, na pua ya binadamu huihisi hata ikiwa kidogo mno. Wanawake wa Nyanza wanaijua kwa ulimi pia: odowa, jiwe laini la udongo linalouzwa sokoni kwa mafungu na kutafunwa zaidi na wajawazito, hupendwa kwa sababu ya harufu hiyo ya mvua. Tangu miaka ya 1990 gugumaji limeongeza sauti yake, kwanza ya jani bichi lenye maji mengi, kisha, likishaoza kwenye ghuba, ya uvundo unaofukuza hata wavuvi.

Pahali pamoja tu chumvi na ukijani hukutana. Karibu na Kendu Bay kuna Simbi Nyaima, ziwa dogo lililojaza shimo la volkano, maji yake ya magadi na rangi yake ya kijani kizito kwa wingi wa vijimea vinavyolisha heroe. Masimulizi husema kijiji kilizama hapo baada ya kumnyima bibi kizee ukarimu. Anayetaka kujua Homa Bay ingenukaje kama ingepakana na bahari, asimame kwenye ukingo wa Simbi saa sita mchana.

Watu wa ufukwe huu hawakungoja chupa ili wanukie. Kidholuo kina neno mo kwa mafuta ya kila aina, na mo nyaluo ni samli ya maziwa ya ng'ombe. Samli ilipikiwa na pia ilipakwa mwilini, baada ya kuoga ziwani na kujisugua kwa jiwe, nayo ilizuia ngozi isipauke kwa jua na upepo. Nyim, yaani simsim, iliongeza mafuta ya shambani. Kwa Abakuria wa Migori, wafugaji kama walivyo Waluo, mafuta ya ng'ombe yalikuwa na heshima hiyo hiyo ya kupakwa. Kitu chenye harufu nzuri husemwa kuwa ni mang'we ng'ar, na katika Biblia ya Kidholuo marhamu ya thamani ni mo mang'we ng'ar, mafuta yanayonukia. Msemo huo una historia ndani yake: katika fikra za hapa, harufu nzuri ni sifa ya mafuta, na mafuta ni kitu cha ngozi.

Fikra hiyo ni sahihi hata kwa mafundi wa Grasse, mji wa manukato kusini mwa Ufaransa. Kwa muda mrefu walitandaza mafuta ya wanyama juu ya vioo, wakapanga maua ya asumini juu yake, na kuyabadilisha siku baada ya siku hadi mafuta yakashiba harufu. Shahamu hunywa harufu na kuikatalia isiondoke haraka. Ngozi iliyopakwa samli ilifanya kazi hiyo bila kioo: ilishika moshi wa jiko, majani ya njiani, zizi na ziwa, vikachanganyika na joto la mtu mwenyewe.

Pwani ya Waswahili ilikuwa na elimu nyingine, tajiri na ya zamani. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad wa karne ya 10, aliandika kuhusu ambari iliyookotwa katika nchi ya Zanj. Ambari hutoka tumboni mwa nyangumi aina ya kashaloti, huelea, huchomwa na jua na chumvi kwa miaka, kisha hutupwa ufukweni. Ndiyo harufu ya bahari iliyo halisi kuliko zote. Wanawake wa Lamu, Mombasa na Unguja waliviringa vikuba vya asumini, mrehani na mkadi, wakafukiza nguo kwa udi kwenye chetezo, wakanyunyizia wageni marashi ya mawaridi kwa mrashi. Kwenye miti ya mwambao iliota pia marere, kuvumwani iliyokusanywa katika karne ya 19 na kusafirishwa kwa wingi kutoka Zanzibar. Ulaya iliitaka kwa rangi yake ya zambarau, haikuitaka kwa harufu. Lakini ni jamaa wa mbali wa ile kuvumwani itakayotajwa chini, iliyojenga manukato ya kijani.

Elimu hiyo ya pwani ilifika kusini mwa Nyanza kwa njia ya maji. Mwanzoni mwa karne ya 20 meli za mvuke zilianza kuzunguka ziwa kutoka Kisumu. Karungu ilikuwa makao ya utawala wa wilaya kuanzia 1903 hadi yalipohamishiwa Kisii mwaka 1907. Ngozi, simsim na samli zilipanda melini. Vitambaa, chumvi, shanga na sabuni vilishuka. Kendu Bay iliwavuta wafanyabiashara wa Kiarabu, Kiswahili na Kihindi, pakawa na msikiti, na baadhi ya Waluo wakasilimu. Pamoja na kanzu na swala ya Ijumaa yalikuja marashi ya mafuta, yaani uturi, yasiyo na kileo, yanayotiwa tone moja nyuma ya sikio au kwenye kifundo cha mkono. Uturi haukuwa kitu kigeni kabisa kwa watu waliokuwa na mo. Ulikuwa mafuta mengine, yaliyoshiba zaidi.

Jirani na hapo kulikuwa na mafundisho mengine. Mwaka 1906 Arthur Carscallen na Peter Nyambo, Mwadventista kutoka nchi ambayo leo ni Malawi, walifungua misheni ya Gendia, kilomita chache kutoka Kendu Bay. Misheni zilisifu maji, sabuni na nguo iliyofuliwa. Samli mwilini ilichafua shati jeupe, ikaanza kuitwa ya kishenzi, na hapo kilipotea kitu kilichostahili heshima zaidi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia sabuni za viwandani zikaenea hadi masoko ya Rongo na Oyugis, na harufu ya usafi ikawa harufu ya Lifebuoy: kali, ya dawa, nyekundu kama rangi ya mche wenyewe.

Mafuta hata hivyo hayakuondoka; yalibadili kopo. Vaseline ilichukua nafasi ya samli, kisha kwa jamaa nyingi za Kenya ikaja Arimis, jeli iliyotengenezwa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe wakati wa kukamua. Hadi leo mtoto wa Ndhiwa au Awendo hupakwa Arimis kabla ya kwenda shule, miguu iking'aa mpaka vumbi linashindwa kuificha. Kutoka samli ya ng'ombe hadi jeli ya kukamulia ng'ombe, safari haikuwa ndefu.

Ulaya nayo ilikuwa ikitafuta ukijani. Mwaka 1882 nyumba ya Houbigant ilitoa Fougère Royale, manukato yaliyopewa jina la jani lisilonuka kitu, na ambayo yalitumia kumarini ya maabara. Mwaka 1917 François Coty alitoa Chypre, kwa jina la kisiwa cha Kupro, na aina nzima ya manukato ikachukua jina hilo. Muundo wake ni wa ngazi tatu: bergamoti, tunda chungu la jamii ya ndimu, juu, utomvu wa labdanamu kati, na chini kuvumwani ya mwaloni, Evernia prunastri, inayokwanguliwa kwenye magome ya miti huko Balkani na kusini mwa Ufaransa, kisha kukamuliwa kwa viyeyusho. Ina harufu ya gome lililolowa, wino, ngozi na chumvi kidogo. Mwaka 1947 Germaine Cellier aliongeza ukali wa jani bichi katika Vent Vert ya Balmain, kwa kutumia utomvu mwingi wa galbano.

Bahari iliingia baadaye, tena kwa bahati. Mwaka 1966 wanakemia wa Pfizer waligundua Calone, kemikali inayonukia upepo wa pwani, chaza na tikiti maji kwa pamoja. Ilikaa kando miaka mingi. Cool Water ya Davidoff, kazi ya Pierre Bourdon ya mwaka 1988, ilifungua njia ya manukato ya maji. L'Eau d'Issey ya 1992 na Acqua di Giò ya 1996 zikaifanya barabara kuu. Majina hayo, kwa chupa halisi na kwa nakala nyingi zaidi, ndiyo yaliyofika miji ya Homa Bay na Migori kupitia Nairobi, Kisumu na mizigo ya jamaa wanaofanya kazi Ghuba ya Uajemi.

Leo manukato hayo huuzwa pia kwa kupimiwa. Muuzaji huvuta mafuta ya manukato kutoka chupa kubwa, huhesabu mililita, huongeza spiriti na kukaza kifuniko. Mnunuzi mzoefu hanusi kifuniko. Huomba tone kwenye kifundo cha mkono, husubiri spiriti iruke, kisha huondoka na kuzunguka soko. Joto la kando ya ziwa humaliza ngazi ya juu upesi: bergamoti haimalizi saa moja. Tikiti maji la Calone hubaki, na hapa ndipo pua ya nam hutoa hukumu yake. Likisimama peke yake huonekana jepesi na tamu mno, maji yasiyo na tope wala mawe. Likiegemea kuvumwani, lenye udongo na gome chini yake, hutambulika kuwa ni ufukwe. Ngozi iliyopakwa mafuta kwanza hushika harufu kwa saa nyingi zaidi kuliko ngozi kavu, jambo ambalo hakuna mama wa Rusinga anayehitaji kufundishwa.

Ngazi hiyo ya chini ndiyo iliyobadilika zaidi katika miaka ya karibuni. Kuvumwani ya mwaloni ina atranoli na kloroatranoli, kemikali zinazowasha ngozi za baadhi ya watu, na Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku kwa kanuni ya mwaka 2017. Kufikia Agosti 2021 bidhaa zenye kemikali hizo hazikuruhusiwa tena madukani huko. Watengenezaji sasa hutumia kuvumwani iliyosafishwa, au Evernyl, kemikali ya maabara iliyo kavu na safi zaidi, na wengine huongeza mzizi wa vetiva kurudisha udongo. Chupa ya zamani na chupa mpya zenye jina moja huanza sawa asubuhi. Hutengana jioni, kwenye mkono, wakati ile ya zamani ingali na gome lililolowa na ile mpya imebaki na usafi wa karatasi.