Mbiru na Mji: Kikao cha Wapare pale Same

Kijiji kinapojadili kuwa mji, aghalabu huzungumzwa barabara, taa, viwanja vilivyopimwa na heshima ya jina. Jambo moja husahaulika, nalo ndilo lililo zito kuliko yote: nani atakayehesabu mali ya watu, na watu watakaa wapi watakapotaka kumwuliza amehesabu vipi. Katika Upare swali hilo liliulizwa zamani, tena liliulizwa papo hapo Same, chini ya milima, na watu waliokuwa tayari kulala nje mpaka wajibiwe.

Milima ya Upare imenyooka kutoka Ugweno na Usangi upande wa kaskazini hadi Mbaga, Gonja, Mamba na Suji upande wa kusini, na kilele chake cha juu, Shengena, kinakaribia mita 2,500. Juu kuna mvua, migomba na ukungu. Chini, upande wa magharibi, ni nyika kavu ya mikonge na miba. Kwa sababu maji ni ya mlimani na njaa ni ya bondeni, Wapare walijifunza kutawaliana kwa maji kabla hawajatawaliwa na mtu wa mbali. Walichimba mifereji, wakajenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanya maji usiku ili yafunguliwe mchana kwa zamu. Mfereji ulipobomoka, watu waliitana kwa msaragambo, kila nyumba ikatoa mikono yake. Asiyefika alijulikana, na zamu yake ya maji ikawa na maneno. Hiyo ilikuwa serikali isiyo na karani, lakini haikuwa serikali isiyo na hesabu. Kila mtu alijua ametoa nini na anastahili nini, na aliyehesabu alikuwa jirani yake.

Same ya leo ni mtoto wa hesabu ya namna nyingine. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walipitisha reli ya kutoka Tanga kwenda Moshi chini ya milima hiyo, na Waingereza waliofuata wakaweka hapo boma la wilaya. Walizitambua himaya tisa za machifu, kila moja na mlima wake na ukoo wake, kisha wakawakalisha machifu hao katika baraza moja, bondeni, karibu na ofisi ya Bwana Shauri. Hivyo nchi iliyokuwa na vikao vingi vidogo milimani ikapata kikao kimoja kikubwa nyikani. Waliokaa katika kikao hicho ni machifu peke yao. Mwananchi wa kawaida hakuwa na kiti.

Ni baraza hilo ambalo, wakati wa Vita Kuu ya Pili, lilikubali kodi mpya juu ya ile kodi ya kichwa iliyokuwa sawa kwa kila mwanamume. Kodi hii ingepimwa kwa utajiri: mwenye ng'ombe wengi na kahawa nyingi alipe zaidi, mnyonge alipe kidogo. Kwa nadharia ilikuwa ya haki, na pengine waliobuni waliiamini. Wakaipa jina la kale, mbiru, lililokuwa jina la ushuru ambao Wapare waliwatolea watawala wao kabla ya ukoloni. Jina lilikusudiwa kuilainisha. Lakini watu walikumbuka mbiru ya kweli, nao wakaona kuwa hii iliyoletwa imevaa nguo ya marehemu.

Kosa halikuwa katika kipimo tu bali katika mpimaji. Ili kujua nani tajiri ilibidi watu wapite nyumba kwa nyumba, wachungulie zizi, wakadirie shamba, waandike. Waliofanya hivyo walikuwa watu wa chifu, na hukumu yao haikuwa na mahali pa kukatiwa rufaa ila kwa chifu yule yule. Mwenye ugomvi wa zamani na mwandishi aliweza kujikuta tajiri kwa usiku mmoja.

Mwanzoni mwa mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka milimani wakaenda Same. Hawakwenda kuchoma boma. Walikwenda kukaa. Wengine waliporudi kulima, wengine walikuja kushika nafasi zao, kwa zamu, kama zamu za ndiva. Miongoni mwa waliowaongoza alikuwemo Paulo Mashambo, na madai yao yalikuwa mepesi kueleza: wako tayari kulipa kodi iliyo sawa kwa wote, hawako tayari kukadiriwa. Wanawake nao waliingia katika jambo hili. Huko Usangi waliwakabili wakuu ana kwa ana, wakadai shauri lamalizwe, kwani waume zao wamehamia Same na nyumba zimebaki bila wenyewe. Utawala uliozoea kuzungumza na machifu tu ulijikuta ukizungumza na watu ambao haukuwahi kuwaandika katika daftari lolote.

Mapambano yalidumu, yakapoa na kuwaka tena, hadi mbiru ikaondolewa. Kufikia mwaka 1947 habari yake ilikuwa imekwisha. Isaria Kimambo, mwanahistoria na mwana wa Upare, aliiandika mwaka 1971, na kwa kazi yake Tanzania nzima ikaijua. La kuzingatia ni kwamba Wapare hawakukataa kodi. Walikataa kuhesabiwa na mtu wasiyeweza kumhesabu yeye. Visiwani jambo la namna hiyo si geni: mwaka 1928 watu wa Ng'ambo ya Unguja walisusa kulipa kodi ya ardhi iliyo chini ya nyumba walizozijenga wenyewe. Mlimani ilikuwa ng'ombe na kahawa, mjini ilikuwa kiwanja. Swali ni moja.

Uhuru ulipokuja, uchifu ulifutwa mwaka 1963 na halmashauri za wilaya zikashika nafasi. Mwaka 1972 halmashauri nazo ziliwekwa kando kwa mpango wa Madaraka Mikoani, zikarejeshwa kwa sheria za mwaka 1982: Sheria Namba 7 kwa mamlaka za wilaya, na Namba 8 kwa mamlaka za miji. Katika sheria hizo mbili ndimo ulimo uchaguzi wa kijiji cha leo. Kijiji kina mkutano mkuu, na mjumbe wake ni kila mkaazi aliyetimiza miaka 18. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaizuia halmashauri ya kijiji isigawe ardhi kabla mkutano huo haujaridhia. Bibi kizee asiye na cheo anaweza kusimama chini ya mwembe na kulizuia neno la mwenyekiti.

Kijiji kikiwa mji, mkutano huo hupungua nguvu. Katika mji mdogo, kama hadhi iliyopewa Same, kijiji huondoka na vitongoji hubaki, na wenyeviti wake ndio hukaa barazani kwa niaba ya wengine. Katika mji kamili kuna mitaa na madiwani. Watu bado huitwa mikutanoni, bado husikilizwa, lakini ardhi huingia katika ramani ya mipango miji, na ramani huchorwa ofisini. Jirani aliyehesabu huondoka, karani hurudi.

Si haki kuusema mji kwa ubaya tu. Nyika ya Same ina kiu ambayo msaragambo hauwezi kuizima. Mradi wa maji ya Bwawa la Nyumba ya Mungu, uliozinduliwa mwaka 2025 kwa ajili ya Same, Mwanga na Korogwe, haukuweza kujengwa kwa majembe ya kitongoji. Kiwanja kilichopimwa humlinda mjane dhidi ya shemeji mwenye tamaa, na hati yake hukubalika benki. Kijiji nacho kina uonevu wake: chini ya mwembe ule ule, mwenye ukoo mkubwa huweza kumnyamazisha mgeni. Anayetaka mji ana hoja, na hoja zake ni za mtu mwenye kiu.

Lakini mbiru inafundisha kuwa hoja njema haitoshi. Kodi ya mwaka 1943 nayo ilikuwa na hoja njema, ya kumpunguzia maskini. Iliangushwa kwa sababu wenye kukadiriwa hawakuwa na kiti pale walipokadiriwa. Basi wakaazi wa kijiji chochote, cha Upare au cha Pemba, wanapoombwa wakubali kuitwa mji, kabla ya kuuliza watapata nini, na waulize kwanza mkutano wao utahamia wapi, nani ataweza kuuitisha, na ukisema hapana, hapana hiyo itasikika na nani. Wakijibiwa vizuri, na wawe mji. Wasipojibiwa, Wapare walikwisha onyesha la kufanya: kushuka pamoja, kukaa kwa zamu, na kutoondoka mpaka daftari lifunguliwe.