Uhuru wa Mkristo katika Kushika Sikukuu

Katika nchi ya Chemba mvua huanza yapata mwezi wa Desemba, hata mara nyingi Sikukuu ya Kuzaliwa kwake Bwana hutukuta na jembe mkononi. Mkristo mmoja huacha shamba akaenda kanisani. Mwenziwe, akijua kwamba unyevu wa ardhi haungoji, hupanda kwanza uwele wake. Ndipo maneno huanza kijijini: fulani ameiacha dini. Je, ni haki kunena hivyo? Na tuyatazame mambo ya kale.

Mitume hawakutuachia amri ya kuishika tarehe 25 Desemba. Habari zilizo wazi za sikukuu hiyo zaanzia Roma, mwaka 336. Pasaka ni ya zamani zaidi, walakini nayo ilileta matata. Wakristo wengi wa Asia waliishika siku ya 14 ya mwezi wa Nisani wa Kiyahudi, iwe Jumatatu au Ijumaa. Wale wa Roma waliishika Jumapili. Yapata mwaka 155 mzee Polikarpo, askofu wa Smirna, alisafiri mpaka Roma kuzungumza na askofu Aniseto. Hapana aliyemshinda mwenziwe kwa maneno. Hata hivyo Aniseto alimheshimu mgeni wake, akampa nafasi ya kuongoza Chakula cha Bwana katika kanisa lake, wakaagana kwa amani.

Yapata mwaka 190 Viktor, askofu wa Roma, alitaka kuwatenga Wakristo wa Asia kwa ajili ya desturi yao. Ireneo, askofu wa Lyon, aliyemsikia Polikarpo akifundisha zamani za ujana wake, alimwandikia kumwonya, akimkumbusha amani ile. Ireneo mwenyewe alishika Jumapili. Lakini hakukubali ndugu wafukuzwe kwa sababu ya siku.

Naye Paulo, katika sura ya 14 ya Waraka kwa Warumi, afundisha kwamba kila mtu athibitike katika nia yake, wala asimhukumu ndugu yake kwa ajili ya siku.

Uhuru huu si ruhusa ya ulevi wala ya kuidharau ibada. Ni wajibu wa kutunza upendo. Basi aliyepanda asubuhi na aje jioni tuombe pamoja. Nasi tuliokuwa kanisani, kesho yake tuchukue majembe tukamsaidie kumaliza shamba lake.