Karatasi za Kibos

Otonglo iko kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, jirani na uwanja wa ndege, kwa hivyo mtu wa hapa huona ndege zikipaa kila siku hata kama hajawahi kupanda moja. Siku hizi mabishano ya vijana wenye vyeti (manesi, mafundi umeme, walimu, watu wa kompyuta) yamejaa namba za Australia. Ni 190 ama 491? Kwa asiyefuatilia: 190 ni viza ya kudumu tangu siku ya kwanza, jimbo likikuteua. 491 ilianza Novemba 2019 na ni ya muda. Unapewa miaka 5, unaishi na kufanya kazi nje ya miji mikubwa ya Sydney, Melbourne na Brisbane, na baada ya miaka 3, hati zako za kodi zikiwa sawa, unaomba ya kudumu. Tamu yake ni pointi: 491 inakuongezea 15, 190 inakuongezea 5 tu. Mwenye pointi za kuokoteza akiiona hiyo 15, mate yanamtoka.

Tunalijadili kama jambo jipya. Lakini Kisumu yenyewe ilianzishwa na watu waliowekewa swali la aina hii mezani.

Mwaka 1896 serikali ya India ilirekebisha sheria yake ya uhamiaji ili Waingereza waweze kuajiri watu huko wa kujenga reli ya Uganda. Walioletwa kwa mkataba walikuwa 31,983. Mkataba ulikuwa wa miaka 3: mshahara, posho ya chakula, na mwisho wake nauli ya bure ya kurudi kwenu. Hiyo ndiyo viza ya muda ya enzi hizo. Watu 2,493 walifia kazini. Reli ikagusa ziwa Desemba 1901, kituo kikaitwa Port Florence, jina la mke wa mhandisi Ronald Preston. Mkataba ukiisha unachagua: panda meli, ama baki ujitegemee. Walibaki 6,724.

Na kuna kituko hapo. Reli ilipofika, Kisumu ilikuwa upande wa Uganda. Aprili 1902 Waingereza wakausogeza mpaka, na fundi aliyelala Uganda akaamka katika himaya nyingine, ile iliyokuja kuitwa Kenya, bila hata kugeuza mkeka.

Baadhi ya waliobaki walipewa mashamba Kibos, kwenye uwanda wa Kano. (Wenyeji wa ardhi hiyo hawakuulizwa kitu. Hiyo ni insha nyingine, tena ndefu.) Wakalima miwa na pamba. Ila ruhusa yao ilikuwa na uzio. Nyanda za juu, zenye baridi na udongo mzuri, zilitengewa Wazungu, na mwaka 1908 waziri wa makoloni wa Uingereza, Lord Elgin, akakubali Wahindi wasigawiwe ardhi huko. Mhindi alitakiwa alime tambarare, kwenye joto na malaria. Ukisoma masharti ya 491 ukiwa na Kibos kichwani, neno "eneo maalum" linakukaa vibaya. Tofauti ipo, na si ndogo. Masharti ya Australia ya leo hayaulizi rangi yako, na ukishapata ya kudumu unaweza kuhamia Sydney kesho yake. Kibos hapakuwa na mwaka wa tatu. Uzio ulikuwa uzio.

Hata hivyo, kwenye huo uzio ndipo watu walipoota mizizi. Mwaka 1922 kiwanda cha sukari cha Miwani kilianza kusaga miwa kwenye ukanda huohuo ambao Mzungu hakuutaka.

Swali lilirudi uhuru ulipokuja, na safari hii lilikuwa kali zaidi. Sensa ya 1962 ilihesabu Wahindi wapatao 176,000 nchini Kenya. Katiba ya 12 Desemba 1963 ilisema aliyezaliwa hapa, na mzazi wake mmoja kazaliwa hapa, ni raia moja kwa moja. Wengine wengi walipewa miaka 2 kujiandikisha, na lazima waukane uraia wa kwingine. Hebu jiweke nyuma ya kaunta ya duka la vitambaa hapa Kisumu mwaka 1964. Mkononi una pasipoti ya Uingereza, dola kubwa iliyokaa karne na karne. Upande wa pili kuna nchi ya mwaka mmoja. Ipi ndiyo ya kudumu? Wengi waliiacha Desemba 1965 ipite, na mimi siwalaumu. Kwa hesabu ya siku ile, ilikuwa hesabu nzuri.

Mwaka 1967 Kenya ikapitisha sheria mbili. Moja ilimtaka asiye raia awe na kibali cha kazi, na kibali kina mwisho wake. Nyingine, ya leseni za biashara, ilimfungia asiye raia kufanya biashara vijijini na nje ya katikati ya miji. Uzio tena. Watu wakakimbilia ndege na pasipoti zao za Uingereza. London nayo ikashtuka. Bunge likapitisha sheria kwa siku 3 tu, na kuanzia 1 Machi 1968 pasipoti hiyo haikutosha tena kama huna mzazi, babu au bibi mwenye asili ya karatasi za Uingereza kwenyewe. Badala ya haki ya kuingia, zikatolewa vocha 1,500 kwa mwaka, kwa wakuu wa familia. Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema kitendo kile kiliwadhalilisha watu kwa misingi ya rangi. Waliokuwa kwenye foleni walikuwa wamekula miaka 5 tayari.

Na tusijifanye hilo ni la Wahindi peke yao. Wajaluo walifanya kazi Kampala na Jinja, kwenye reli na viwandani, miaka mingi bila kufikiria karatasi, kwa sababu Afrika Mashariki ilionekana nyumba moja. Mwaka 1970 serikali ya Obote ikawaondoa wageni kwenye ajira, na maelfu ya Wakenya wakarudi, wengi wao Wajaluo. Aliyevuka Busia kuja Kisumu alipita hapahapa Otonglo na masanduku yake. Lakini alikuwa na dala, boma la baba yake, ambalo Kampala haikuweza kulifuta. Mwenye duka wa 1968 hakuwa nalo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, nitasema kama umepewa zote mbili chukua 190, hata kama jimbo linatarajia ukae kwao miaka 2 ya mwanzo. Kama ni 491 pekee, nenda, lakini soma vizuri. Ile ya kudumu haiji yenyewe. Ni ombi jipya, kwa sheria itakayokuwepo siku hiyo. Kabla ya miaka 3 huwezi kurukia 190 wala njia nyingi nyingine za kudumu ukiwa ndani. Na shamba la Kisian lisiuzwe kulipia ada. Hilo nasema nikiwa nimekasirika kidogo, kwa sababu nimeona likifanyika.

Wale wa Kibos na wenzao waliochagua Kenya hawakusahaulika kabisa. Julai 2017 serikali ilitangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi hii, miaka 115 na ushei tangu reli ifike ziwani.