Mchina wa kwanza kuongoza Lingnan

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata vitambaa Guangzhou hulijua soko la Zhongda. Jina hilo limetokana na chuo kikuu jirani, cha Sun Yat-sen, ambacho wanunuzi wetu wachache hujali kukiingia. Ndani yake imo Nyumba ya Blackstone, iliyojengwa mwaka 1914 kwa ajili ya Zhong Rongguang.

Zhong, aliyezaliwa 1866, hakuanza kama mtu wa dini. Alikuwa msomi wa mitihani ya kifalme, lakini mpenda kasumba na kamari, na inasemekana aliwafanyia wengine mitihani kwa malipo. Baadaye akajiunga na wanamapinduzi wa Sun Yat-sen, waliotaka kuuangusha utawala wa kifalme. Mwaka 1899 akawa Mkristo, akakata msuko ambao watawala wa Qing waliwalazimisha wanaume kuufuga, kisha akafundisha Kichina katika chuo kilichokuja kuitwa Lingnan, kilichoanzishwa 1888 na Mmarekani Andrew Happer, wa kanisa la Presbiteri.

Chuo kilikuwa Guangzhou, bodi ilikuwa New York. Zhong alilielewa mapema tatizo hilo la chuo kuongozwa kutoka mbali, na dawa yake ilikuwa fedha: alizunguka kwa Wachina wa ughaibuni akiomba michango. Kwa maoni yangu, safari hizo zilimjengea haki ya kuongoza kuliko shahada yoyote.

Siasa nazo zilibisha hodi mlangoni kwake. Juni 1922, jeshi la jenerali Chen Jiongming lilipomwasi Sun, aliyekuwa akiongoza serikali huko Guangzhou, mke wa Sun, Soong Ching-ling, alikimbilia nyumba ya Zhong. Tarehe 23 Juni 1925, askari wa Uingereza na Ufaransa waliwafyatulia risasi waandamanaji huko Shaji, Guangzhou. Mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja wa Lingnan wakauawa. Baada ya hapo, mkuu wa chuo Mmarekani angeeleza nini?

Mwaka 1927 uongozi ukakabidhiwa Wachina, Zhong akawa mkuu akiwa na umri wa miaka 61. Mtangulizi wake, James Henry, mtoto wa mmisionari aliyezaliwa Guangzhou hiyohiyo, alibaki chini yake. Shule za misheni Afrika Mashariki zilikumbana na swali hilohilo la nani aongoze miongo kadhaa baadaye, na si wazungu wote waliokubali kubaki hivyo.

Zhong alifariki Hong Kong Januari 1942, yapata majuma mawili baada ya Wajapani kuuteka mji. Lingnan ilivunjwa 1952 serikali ilipopanga upya vyuo, na eneo lake likawa la Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen. Wahitimu wake wakaifufua Lingnan huko Hong Kong mwaka 1967.