Mizani na Mtoto

Ukipata nafasi ya kwenda kwenye maonyesho ya kilimo mjini Kakamega, msomaji wangu, utaona fahali wakipitishwa mbele ya waamuzi. Huyu hupimwa uzito, yule hutazamwa mgongo na miguu. Mwishowe mmoja huvishwa utepe, na mwenye mali hushangiliwa. Jambo hilo halina ubaya, kwani mkulima hufuga ng'ombe kwa faida yake. Lakini ungesemaje kama badala ya fahali wangeletwa watoto wachanga? Jambo hilo lilitendeka kweli, na habari zake zinatuhusu kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1911, katika maonyesho ya kilimo ya jimbo la Iowa, Marekani, bibi mmoja aliyeitwa Mary Watts alisaidia kuanzisha mashindano ya watoto. Nia ilikuwa njema. Siku zile watoto wengi walikufa kabla ya kutimiza mwaka, na akina mama walihitaji mafunzo ya usafi na ya chakula bora. Madaktari waliwapima watoto kimo na uzito, wakawachunguza macho na meno, wakaandika alama kwa mfano ule ule wa kuwapima mifugo. Aliyeshinda alipewa tuzo. Na mama wa aliyeshindwa alirudi nyumbani akijua mwanawe ana upungufu gani.

Lakini palikuwa na fikira nyingine iliyokuwa ikienea. Mwaka 1883 mtaalamu wa Kiingereza, Francis Galton, alibuni jina la yujeniki, yaani elimu ya kuboresha uzao wa wanadamu: walioitwa bora wahimizwe kuzaa, walioitwa duni wazuiliwe. Wafuasi wake walishikilia kwamba hata umaskini na ulevi hurithiwa kama rangi ya macho. Kwao mashindano ya watoto yalikuwa mlango uliokwisha kufunguliwa. Mwaka 1920, katika maonyesho ya Topeka, jimboni Kansas, zilianza kupimwa jamaa nzima pamoja na nasaba zao. Swali halikuwa tena, "Mtoto huyu anahitaji nini?" bali, "Mtoto huyu ni wa mbegu gani?"

Swali hilo lilizaa sheria. Mwaka 1907 jimbo la Indiana liliruhusu watu kufungwa uzazi kwa nguvu. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali Carrie Buck, mwanamke kijana maskini wa Virginia, atendewe hivyo. Katika nchi hiyo watu zaidi ya 60,000 walifungwa uzazi. Ujerumani nayo ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1933. Watu wapatao 400,000 walifungwa uzazi, na baadaye wagonjwa na vilema wengi wakauawa.

Usidhani kwamba moto huo uliwaka ng'ambo tu. Mwaka huo huo wa 1933, walowezi na madaktari wa Kizungu waliunda mjini Nairobi chama cha kuchunguza namna ya kuboresha mbari za watu. Kiongozi wake mmoja alikuwa Daktari H. L. Gordon, aliyehudumu katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Mwenzake, Daktari F. W. Vint, alipima bongo za wanaume 100 Waafrika waliokufa. Alipata wastani wa gramu 1,276, akaulinganisha na gramu 1,428 za Wazungu. Ikadaiwa kwamba akili ya Mwafrika mzima hufikia ile ya mtoto wa Kizungu wa miaka saba au minane, na Gordon akatilia shaka faida ya kumsomesha.

Kumbuka yaliyokuwa yakitendeka hapa Kakamega wakati huo. Dhahabu iligunduliwa mwaka 1931, na mwaka 1932 sheria ilibadilishwa ili ardhi ya wenyeji iweze kutwaliwa kwa machimbo bila ya kupewa ardhi nyingine badala yake. Sisemi kwamba mizani ya Vint ndiyo iliyoleta sheria hiyo. Nasema tu kwamba mtu akisha kuitwa mtoto, ni rahisi wengine kumwamulia mambo yake.

Je, hesabu ile ilikuwa na kosa gani? Bongo zile zilikuwa za watu waliofia hospitalini, nao ugonjwa na lishe duni huudhoofisha mwili wote. Tena uzito wa ubongo haupimi akili. Wahenga walisema: Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Hata Wizara ya Makoloni mjini London ilikataa kutoa fedha za kuendeleza uchunguzi huo, na kabla ya miaka ya 1930 kwisha chama kilikuwa kimefifia.

Hata leo, msomaji, mama hupeleka mwanawe kliniki akawekwa kwenye mizani. Akionekana amepungua, mama hupewa shauri, na mtoto hupona. Mizani hiyo ni rafiki. Basi kosa halimo katika kupima, limo katika kukusudia kumjua nani astahili na nani asistahili kuwapo. Siku utakapoletewa tarakimu zinazosema kwamba watu fulani ni duni, usistaajabie wingi wake. Uliza kwanza ni nani aliyeishika mizani, na alikuwa akitafuta nini.